Hodi Kijijini Derwent

Kiangazi cha 1995 Waingereza waliishiwa maji, na Bibi alikuwepo kushuhudia. Alikuwa amekuja Sheffield kututembelea kwa miezi mitatu. Kule Ikwiriri kila mtu alimwambia Ulaya ni mvua na baridi tu, kwa hiyo alibeba sweta tatu na soksi za mpira za mjomba. Sweta hazikutoka sandukuni. Majani ya uani kwetu yaligeuka rangi ya makuti. Sehemu nyingi za Yorkshire, jimbo letu, watu walikatazwa kumwagilia bustani kwa mpira, na jirani yetu, mzee mwoga wa sheria, akawa kila jioni anatoka na ndoo ya maji aliyoogea, anakwenda kunywesha nyanya zake. Bibi alimchungulia dirishani akacheka hadi akakaa chini.

"Kumbe na huku wanabeba ndoo!"

Baba alikuwa dereva wa basi, na habari ya kijiji aliitoa kazini. Bwawa la Ladybower limeshuka, wenzake walimwambia, mpaka Derwent, kijiji kilichozamishwa humo, kimeibuka, na watu wanakwenda kukitazama kama wanavyokwenda sinema. Jumapili moja ya Agosti tukajazana garini: Bibi mbele kwa heshima yake, Mama nyuma na mdogo wangu wa miezi minane, mimi na kikapu cha chapati.

Nilikuwa na miaka 11 na Derwent nilikuwa naijua kwa sifa. Shuleni watoto walisimuliana kwamba usiku wa kimya kengele ya kanisa hulia chini ya maji. Nilitarajia kuona kanisa zima, lenye samaki madirishani.

Kutoka Sheffield hadi Ladybower hakufiki mbali, kilometa 20 hivi, lakini ukishauacha mji unajikuta kwenye nyika ya milimani isiyo na mti, na mwezi huo vichaka vyake huchanua zambarau mpaka upeo wa macho. Bibi aliuliza shamba la nani. Baba akasema la kondoo. Kisha barabara ikateremka bondeni na tukapita juu ya daraja refu la Ashopton. Baba alipunguza mwendo. Chini ya daraja hili, alisema, kuna kijiji cha pili, nacho kinaitwa Ashopton, ila hicho matope yamekifukia, hakionekani hata bwawa likikauka.

Kisa chenyewe nilikuja kukijua vizuri baadaye, na hakina miujiza. Miji ya viwanda, Sheffield, Derby, Nottingham na Leicester, ilikuwa na kiu. Mabwawa mawili, Howden na Derwent, yalikamilika juu kabisa ya bonde miaka ya 1910, na vibarua walioyajenga waliishi na wake na watoto wao kwenye kijiji cha nyumba za bati kilichoitwa Birchinlee, ambacho kazi ilipokwisha kilibomolewa. Hayakutosha. Mwaka 1935 wakaanza Ladybower, chini zaidi, penye watu. Wakazi walijengewa nyumba mpya upande wa pili wa ukuta wa bwawa. Ibada ya mwisho katika kanisa la Derwent ilifanyika Machi 1943, na karibu siku hizohizo ndege za kivita za Waingereza zilikuwa zikipita chinichini bondeni zikijizoeza kuvunja mabwawa ya Ujerumani. Mfalme George VI alikuja kulifungua bwawa Septemba 1945. Mnara wa kanisa uliachwa umesimama, kichwa nje ya maji, mpaka Desemba 1947 ulipolipuliwa kwa baruti, maana watu walikuwa wakiogelea kuufuata na ilihofiwa utawaua.

Tuliegesha gari Fairholmes, chini ya ukuta wa bwawa la juu. Mtoto alikuwa analia, Mama akataka kumnyonyesha kwanza, Baba akabaki naye. Bibi hakungoja. Alikuwa amejifunga kanga mbili na juu yake koti la Baba la kazini, lenye nembo ya basi, na mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyezoea kwenda shamba na kurudi kabla jua halijawa kali. Nilimfuata mbiombio.

Nilichokiona kilinivunja moyo. Hakukuwa na kanisa wala dirisha. Kulikuwa na tope lililokauka likapasuka vipande kama vigae, na katikati yake marundo ya mawe, misingi ya kuta, nguzo mbili za lango lisilo na lango. Watu walikuwa wengi, na mbwa wao, na kamera zao. Watoto waliruka kutoka ukuta hadi ukuta. Kijana mmoja alikuwa amesimama juu ya kilichokuwa jiko la mtu, anapigwa picha akinyoosha dole gumba.

Bibi alipita kati yao akaenda mpaka kwenye nyumba moja. Nasema nyumba, ilikuwa mistari ya mawe isiyonifika magotini, na jiwe moja pana la kizingiti, katikati limelika kwa kukanyagwa. Alisimama mbele ya lile jiwe, akavua ndala, akaziweka pembeni.

"Hodi!"

Sauti yake ilikuwa ya kuita mtu aliye uani anatwanga. Watu waligeuka.

"Bibi, hakuna mtu," nikamnong'oneza.

"Najua. Hodi!"

Wale watoto waliokuwa wakiruka walianza kucheka. Nilitamani tope lipasuke zaidi linimeze. Nilikuwa na umri ule ambao mtu anaona aibu hata kwa namna mama yake anavyokohoa, sasa huyu alikuwa bibi mzima, pekupeku, na koti la dereva, anabisha nyumba isiyo na mlango.

"Hodi!" mara ya tatu. Akasikiliza. Kisha akavaa ndala zake, hakuingia.

Karibu na hapo alikuwa ameketi mzee mmoja wa Kiingereza, na fimbo na chupa ya chai. Alituuliza kama kila kitu ni salama, na mwisho wa swali akatia "love". Upande ule wa Uingereza neno hilo halina uzito wowote. Kondakta humwambia abiria, mwenye duka humwambia polisi. Bibi akataka kujua kasemaje, nami Kiswahili changu kilikuwa cha nyumbani tu, nikatafsiri kama lilivyo.

"Anauliza kama u mzima, mpenzi."

"Mpenzi?" Bibi alinitazama. "Mbele yako, mume wangu, na umekaa kimya?"

Mzee akauliza tena: bibi yako alikuwa anamwita nani?

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningeweza kusema kweli: kwetu huingii nyumba ya mtu hivihivi, unabisha mara tatu, usipoitikiwa unarudi ulikotoka. Maneno hayo kwa Kiingereza nilikuwa nayo. Lakini wale watoto walikuwa wamesogea, wanasikiliza.

"Mbwa wetu," nikasema. "Amepotea. Anaitwa Hodi."

Sisi na mbwa wapi na wapi. Nyumba yetu haijawahi kufuga mbwa, na Mama akiguswa na wa jirani hubadili nguo. Lakini yule mzee alinielewa palepale. Akaweka kikombe chini, akainuka kwa tabu juu ya fimbo yake, akazungusha viganja mdomoni.

"Hodiii!"

Bibi aliganda. Mzee akageukia upande wa pili wa bonde. "Hodi! Hodiii!" Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita akaulizia, akaambiwa, naye akaanza. Hata wale watoto. Kwa dakika nzima kijiji cha Derwent kilibishwa hodi na Waingereza watano au sita, kila mmoja na upande wake, huku mimi nikitazama vidole vya miguu yangu.

"Huyu mzee kalelewa," Bibi akasema taratibu. "Muulize kama ndiye mwenyeji."

Hakuwa mwenyeji. Alikuwa mtu wa Bamford, hapo chini, lakini alipokuwa mtoto shangazi yake aliishi Derwent na alikuwa akiletwa kila Jumapili. Alituonyesha kwa fimbo. Zile nguzo ni za jumba la Derwent Hall, lililojengwa 1672. Kanisa lilikuwa pale. Daraja la mawe la kupitisha farasi wa mizigo lilikuwa pale, lakini hilo halikuzama: lilivunjwa jiwe kwa jiwe, kila jiwe likapewa namba, likaja kujengwa upya kule juu ya bonde, mahali paitwapo Slippery Stones. Nilitafsiri yote, nikifurahi kwamba mazungumzo yameondoka kwenye mbwa.

Bibi alisikiliza, akauliza jambo moja tu.

"Na makaburi?"

Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akasema: waliwafukua. Waliozikwa karibu na kanisa walitolewa wakaenda kuzikwa upya Bamford, kabla maji hayajapanda.

Nilipomwambia, Bibi hakuamini. Alinirudisha niulize tena. Wafu? Waliwahamisha wafu? Mzee akatikisa kichwa kukubali.

Sasa lazima niseme kitu kuhusu Bibi ambacho siku ile nilikijua nusunusu. Alizaliwa bondeni Rufiji, watu wanakolima mpunga kwa mafuriko ya mto, na maji yakishuka wanapanda mazao ya mlau kwenye udongo ulioachwa na unyevu. Waliishi shambani kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Mto ukija unapita chini yako. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali ikaona watu wa bondeni wapandishwe nchi ya juu, kwenye vijiji vya ujamaa, karibu na shule na zahanati. Sina ugomvi na zahanati. Baba alisoma kwa sababu ya shule hiyo. Lakini mama yake Bibi, na watoto wake wawili aliowazaa kabla ya Baba, walibaki chini ya mwembe kule bondeni.

"Sisi tulihama wazima tu," alisema, akilitazama lile tope. Kisha: "Halafu mto wetu ulikuwa unakuja, unaondoka. Huu wao ulikuja ukakaa."

Hiyo ya pili nilimtafsiria mzee. Ya kwanza sikuweza, sijui kwa nini. Alimmiminia Bibi chai kwenye kifuniko cha chupa na wakakaa juu ya ukuta mmoja bila mkalimani, yeye akionyesha kitu kwa fimbo na kukitaja kwa Kiingereza, Bibi akikijibu kwa Kiswahili. Sikusikia wakikosana.

Baba akatuita kutoka mbali, mtoto mabegani. Kabla hatujaondoka mzee alitoa kalamu na pakiti yake ya sigara. Huyo mbwa yukoje? Mweusi, nikasema, mguu mmoja mweupe. Namba yenu ya simu? Nikampa namba ya kweli, maana sikuwa najua nyingine.

Siku ya Jumatano tulikuwa tunakula, simu ikalia kwenye korido. Baba akaenda. Tulimsikia akisema "ndiyo" mara mbili tatu, kisha, "Mbwa? Mbwa gani?" Akachungulia mlangoni, mkono umefunika simu, akanitazama mimi moja kwa moja. Nikasema yote, haraka, kwa Kiswahili, wali mdomoni. Mama alishika kichwa. Baba alikuwa amekwishakasirika, lakini bado kulikuwa na mtu anangoja upande wa pili wa waya, na Bibi alikuwa amenyoosha mkono kutaka kujua.

"Ndiye yule mzee? Anasemaje?"

Baba akasikiliza tena, akashusha simu.

"Anasema alirudi kule jana jioni, Mama. Amepiga hodi mpaka giza likaingia. Hakuna aliyeitika."

Bibi alifuta vidole vyake kwenye kanga.

"Mwambie asante sana," akasema. "Mwambie mara tatu zinatosha."