Pancha moja nimeziba mara tatu

Hii ilinikuta nikiwa na miaka 13 na mpaka leo kaka yangu akitaka kunizima mbele za watu anaikumbushia. Alisafiri siku mbili akaniachia baiskeli na onyo moja tu, dogo usimpakie mtu nyuma. Kweli sikumpakia mtu, ila siku ya pili asubuhi natoka nayo nasikia kwa nyuma inacheza kama naendesha juu ya godoro, kucheki tairi limelala kabisa.

Nikajisemea kazi ndogo hii, mafundi si nawaonaga kila siku. Bora hata ingekuwa mbele, tairi la nyuma lina cheni, lina nati mbili za spana namba 15, na ukilirudisha vibaya linakaa upande linasugua fremu. Tairi leva, kile kifaa cha kubandulia tairi kwenye ringi, sina, nikaenda jikoni nikabeba vijiko viwili vya mama, vile vizito vya wageni. Tairi likatoka. Tyubu nikaijaza upepo nikaizamisha kwenye beseni la maji kipande kwa kipande, mapovu hayo yakaanza kupanda, nikacheka mwenyewe kama nimeokota hela.

Nikakausha, nikasugua na msasa, nikapaka solusheni, ile gundi ya viraka, na hapo hapo nikabandika kiraka. Mbichi! Kumbe inapakwa nyembamba halafu unaiacha dakika kama tano mpaka ule ung'avu uondoke, mi nilidhani ni kama gundi ya karatasi. Nimejaza upepo tu kiraka kikainuka pembeni, fyuuu.

Raundi ya pili nikasubiri, nikabandika, nikakandamiza na kisigino cha kiatu, kikashika vizuri kabisa. Nikarudisha tairi kwa vijiko vile vile. Kujaza upepo, halijai. Kufungua tena nakuta vitundu viwili vipya vimekaa sambamba kama vimeng'atwa, na aliyeng'ata ni kijiko, maana niliibana tyubu katikati ya kijiko na ringi na sikuwa nimeijaza hata kaupepo kidogo kabla ya kuivalisha ili isijikunje. Haya, kiraka kingine.

Safari hii likajaa, nikaliacha limesimama ukutani karibu saa nzima nalibonyeza bonyeza kwa dole gumba, gumu kama jiwe. Nikapanda kwa mbwembwe zote. Sijafika mbali, godoro lile lile. Jamani nilitaka kulia, na nikitoa tyubu tundu jipya liko pembeni kabisa ya kiraka cha kwanza, nikaanza kulaumu kiraka, solusheni, tyubu yenyewe imechoka, kila kitu isipokuwa mimi.

Jioni kaka kaingia na begi mgongoni akanikuta nimekaa chini mikono myeusi. Hakugomba. Akauliza tu, "Tairi umelipapasa ndani?"

"Kaka tundu liko kwenye tyubu, tairi nilipapase la nini?"

Akachukua tyubu akailaza juu ya tairi, valvu akaikalisha pale ilipokuwaga, akafuata mpaka kwenye viraka halafu akaweka kidole ndani ya tairi usawa ule ule, taratibu, maana ukipeleka kidole kwa kasi unajichana. Akanipa mkono nishike. Ncha ya mwiba, kidogo kuliko punje ya mchele, ilikatikia ndani ya mpira na kwa nje huoni kitu. Tairi likiwa halina mzigo ilikuwa imetulia tu, mtu akikaa inachomoza inachoma. Yaani mchana kutwa nilikuwa naziba na mwiba unatoboa, tunapokezana.

Akautoa na koleo, akaziba mwenyewe, tairi akalirudisha kwa viganja tu bila kugusa chuma. Halafu akaviokota vile vijiko, kimoja kilishapinda shingo, akavigeuza geuza akanikabidhi.

"Kimbia kavirudishe kabla mama hajaingia jikoni."

Mama alikuwa amesimama mlangoni.