Shata ya kamera ya zamani imerudi kazini
Hatimaye nimefaulu kuitengeneza shata ya kamera yangu ya zamani ya filamu, yaani sehemu inayofunguka na kufunga ili kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu; hii yangu imejengwa ndani ya lenzi. Kasi ya 1/250 ya sekunde haikuwa na shida, lakini nilipoiweka kwenye sekunde 1, vibamba vyembamba vya shata vilifunguka na kubaki wazi, kwa kuwa gia ndogo zinazochelewesha kufunga zilikuwa zikikwama katikati ya mwendo. Wengi hukimbilia kulaumu springi. Mara nyingi mkosaji ni grisi iliyoganda kwa miaka, na kwa sababu hiyo springi sikuigusa.

Kabla ya kuifungua lenzi ya mbele, nilitia alama mahali inapoanzia kushika nyuzi zake, kwani ikirudishwa kwenye mwanzo mwingine, fokasi hupotea na picha zote hutoka na ukungu. Gia niliziosha kwa mafuta mepesi ya kujazia viberiti, kisha nikagusisha oili ya saa kwenye ekseli zake kwa ncha ya sindano, kiasi ambacho jicho halikioni vizuri. Vibamba vyenyewe, vilivyokuwa na utando unaong'aa, nilivifuta mpaka vikakauka kabisa, maana havitakiwi kupakwa chochote.

Sasa sekunde 1 inasikika kwa mlio mmoja usiokatika. Kasi za chini nimezipima kwa kurekodi sauti kwenye simu, na zinaridhisha. Kasi za juu zinahitaji kipimo cha mwanga, kwa hiyo hizo nitazihukumu kwa filamu.