Injini ya boti kupoteza silinda moja ikipata joto: jinsi nilivyotatua

Mashine ni ya farasi 40, silinda mbili, ya kuchanganya oili na petroli, mwaloni Kirumba, Mwanza. Asubuhi inawaka vizuri. Baada ya dakika 20 inatetemeka na kukosa nguvu. Plagi ya chini ilitoka imelowa petroli, ya juu kavu, rangi ya kahawia. Mafuta yanafika, basi. Moto ndio haufiki.

Nilichomoa waya wa swichi ya kuzimia kwenye CDI (kisanduku cha umeme kinachopeleka moto kwenye koili): hakuna badiliko. (Ukifanya hivyo swichi haizimi tena injini, kwa hiyo izime kwa choki. Na plagi uliyofungua iguse bodi ya injini kabla ya kuvuta kamba, la sivyo CDI inaweza kuungua.) Nikabadilisha nafasi za koili, zinazokuza umeme wa kuwasha plagi: ya chini ikaenda juu, ya juu chini. Tatizo likahamia juu.

Hapa wengi hukimbilia dukani kununua koili. Subiri kwanza. Mita ilionyesha karibu ohm 0 kati ya waya mweusi wa koili na bodi, lakini waya ukitikiswa namba inaruka. Kichwa cha waya kilijaa kutu ya kijani, nyuzi tatu tu zimeshika. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, ila unyevu unatosha kufanya kazi hiyo.

Nikakata sentimita 1, nikabana kichwa kipya, nikapiga msasa kiti cha bolti, grisi juu. Nilikaa majini kwa muda wa saa mbili, haikukosa tena.