Sanduku la Kilwa: sarafu imekubali, somo limehama

Imekubali! Jana saa kumi na moja jioni, uani kwa sonara, nyundo ya kilo 2, pigo moja tu, na kipande cha shaba kikatoka kina maandishi pande zote mbili. Nimekisugua kwa kidole gumba mpaka mkono unanuka shaba. Usiku nimelala nacho chini ya mto. Mke wangu siku hizi hata haulizi.

Kwa mliokuwa mnafuatilia, hili ni sanduku la tatu la vitu vya kushikwa na watoto darasani. La maji na la vigae yameshazunguka madarasa mawili na kurudi salama, isipokuwa kata moja ya kifuu iliyopotea kimiujiza. Hili la tatu mada yake ni fedha, na nilitaka ndani yake kuwe na kitu kimoja tu kinachostahili kuitwa roho ya sanduku: sarafu ya Kilwa ambayo mtoto anaweza kuishika, kuiangusha, kuing'ata akitaka.

Sababu mnaijua. Unapeleka watoto Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, wote wanakimbilia kwa Zinjanthropus. Siwalaumu. Fuvu lina meno, lina miaka karibu 1,750,000, na hadithi ya Mary Leakey kuliona pale Olduvai mwaka 1959 inajisimulia yenyewe. Sarafu za Kilwa ziko nyuma ya kioo, kila moja kama ukucha wa kidole gumba, nyeusinyeusi. Mtoto anazitazama sekunde tano, ananakili maelezo ya kibao kwenye karatasi ya maswali, anaondoka. Hapo hapo niseme: karatasi za maswali nimeziacha. Mtoto mwenye karatasi anatafuta jibu, hatazami kitu. Mwaka jana nilimkuta mmoja amejaza nafasi zote kumi akiwa amekaa kwenye benchi nje, anamnakili mwenzake.

Basi, nakala. Nilidhani ni kazi ya wikendi moja. Imekula miezi minne.

Niliyemchagua ni Ali bin al-Hasan, sultani wa zamani wa Kilwa, kwa sababu sarafu zake za shaba ni nyingi na maandishi yake ni mafupi. Nilichora kwa penseli mbele ya kioo, kisha nikasahihisha mchoro kwa picha zilizokuzwa za ripoti ya Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960.

Jaribio la kwanza lilikuwa unga wa ngano na chumvi, kama tunavyotengeneza ramani za milima. Muhuri nilichonga kwenye sabuni ya mche. Nawasifia sana sabuni ya mche: inachongeka kwa sindano, ukikosea unakwangua unaanza upya, na mwisho wa mradi unafulia. Nikawaletea watoto wa klabu, najivuna. Mvulana mmoja wa darasa la sita, yule ambaye kwenye mtihani wangu wa mwisho aliandika jina lake na kuishia hapo, akaichukua, akaigeuza, akaipeleka karibu na jicho.

"Mwalimu, hii imeandikwa kinyume."

Mimi ni mtu wa Njombe. Kiarabu changu kinaanza na kuishia kwenye shukrani. Nilikuwa nimechonga maandishi kama yanavyoonekana kwenye sarafu, nikasahau kwamba muhuri lazima uwe kama kwenye kioo. Mara 12 nilikuwa nimeugonga huo muhuri bila kuona. Yeye anasoma chuoni, chuo cha Kurani, kila jioni, ameona kwa sekunde mbili.

Nikachonga upya, safari hii nikipitisha mchoro kwenye karatasi iliyopakwa mafuta na kuigeuza. Maandishi yakakaa sawa, ila masika yakaingia. Chumvi inavuta unyevu wa Dar kama sifongo. Sarafu zikalainika ndani ya sanduku, na mende wakamalizia.

Jaribio la pili lilikuwa plasta. Herufi zilitoka safi ajabu. Nikagawa. "Mwalimu, hivi ni vidonge?" Na kweli, sarafu nyeupe ya plasta ni kidonge. Nikapaka rangi ya kahawia. Ikawa kidonge cha kahawia. Baada ya vipindi viwili kingo zikaanza kumomonyoka na jina la Ali likabaki nusu. Lakini kilichoniudhi zaidi ni uzito. Ukikishika hakina habari. Mtoto hawezi kuamini kwamba mtu aliwahi kununua kitu kwa kitu chepesi namna ile.

Ndipo nikaamua: shaba, au niache.

Fundi friji wa jirani alinipa vipande vya bomba chakavu. Nikavipasua, nikavigonga juu ya reli mpaka vikawa bapa, nikakata miduara kwa mkasi wa bati. Muhuri, bolti nene iliyokatwa kichwa na kuchongwa na sonara mmoja mzee ambaye kazi yake ya kila siku ni kuandika majina kwenye pete. Nikaweka duara, nikasimamisha bolti, nikagonga. Alama hafifu. Nikagonga kwa nguvu zaidi. Alama mbili, moja juu ya nyingine, kama mtu anayeona maruerue. Nikanunua nyundo kubwa zaidi. Nikanunua nyundo nyingine kubwa kuliko hiyo. Kwa wiki tatu nilikuwa nagonga shaba uani kila jioni, na majirani walianza kunisalimia kwa upole, kama mnavyomsalimia mgonjwa.

Nikarudi kwa sonara kulalamika kwamba muhuri wake ni butu. Akachukua kipande changu cha shaba, akajaribu kukikunja kwa vidole, kikamgomea. Akacheka.

"Mwalimu, hii umeigonga mara ngapi?"

"Nyingi, mzee. Ili iwe bapa."

"Basi umeifanya ngumu mwenyewe. Shaba ukiipiga inakasirika. Ibembeleze kwanza."

Akawasha gesi, akakishika kipande kwa koleo mpaka kikawa chekundu kama kaa linalotaka kuzima, akakitumbukiza kwenye maji. Chyaaa. Akakikunja kwa vidole viwili kama kipande cha ngozi. Nilidhani maji yatakifanya kigumu, kama chuma cha jembe. Shaba ni kinyume: ukiipasha mpaka ikaiva wekundu inalainika, uipoze kwa maji au uiache. Na kila ukiigonga inarudi kuwa ngumu. Kwa hiyo wiki zote tatu, kila nyundo niliyonunua ilikuwa inaongeza tatizo.

Sikuwa nimemaliza, maana upande wa pili ulinila wiki nyingine. Ukigonga upande wa kwanza vizuri, ukageuza ili ugonge wa pili, ule wa kwanza unalala juu ya reli na herufi zinasagika. Nikajaribu kuweka ngozi chini, nikajaribu ubao, nikajaribu raba ya kandambili (usijaribu, inarusha sarafu, nina alama kwenye paji la uso). Jibu lilikuwa rahisi mno: mihuri miwili kwa pigo moja. Wa chini nimeupachika kwenye kigogo cha mwembe uso ukitazama juu, shaba juu yake, muhuri wa juu unashikwa kwa koleo, paa. Pande zote zinapokea pigo lile lile. Bomba la friji pia nimeliacha, ni jembamba. Maandishi ya upande mmoja yanatokeza upande wa pili. Sasa natumia vipande vya ukanda wa shaba vilivyomzidi fundi umeme. Ukinunua kwa wauza vyuma chakavu, uliza shaba imetoka wapi, tusije tukafundisha historia kwa nyaya za watu.

Kila nakala ina herufi N ndogo iliyogongwa ukingoni, N ya nakala. Mtu wa makumbusho alinisisitizia hilo, na ana haki. Kitu cha shaba kikizeeka miaka mitano mfukoni kwa watoto, kinaweza kumdanganya mtu.

(Hapo juu niliandika Jumapili, nikakatizwa na kusahihisha madaftari. Leo ni Jumatano, na somo limeshafanyika. Mpango wangu umekwenda upande mwingine kabisa.)

Mpango ulikuwa huu: dakika kumi kushika sarafu, kisha ramani ya Bahari ya Hindi, dhahabu ya Sofala (pwani ya Msumbiji ya leo), Kilwa inavyotajirika kwa kukaa katikati, msafiri Ibn Battuta anafika mwaka 1331, Wareno wanavamia mwaka 1505. Nilikuwa na nyuzi nyekundu za kuunganisha bandari na nilikuwa nimekata vijahazi 20 vya karatasi ngumu. Vijahazi bado viko kwenye bahasha.

Niligawa sarafu moja kwa kila kundi la watano pamoja na kioo cha kukuzia. Kioo, siyo simu. Simu inamfanya mtoto apige picha na kumaliza shughuli. Kioo kinamlazimisha ainame. Nikasema neno moja tu: tazameni. Jambo la kwanza walilofanya wote ni kunusa. La pili, msichana mmoja akatoa shilingi 100 mfukoni akailinganisha: huku Nyerere, huku swala, na namba. "Hii ya kwako mbona haina namba?" Haina. Haina thamani iliyoandikwa, haina mwaka, haina jina la mji. "Sasa walijuaje ni shilingi ngapi?" Darasa likalipuka. Mmoja akasema labda waliihesabu kwa wingi kama dagaa wa fungu. Nikamwandika ubaoni, ni wazo zuri kuliko langu.

Kisha nikamwita yule kijana wa chuoni. Hakuja mbele, alisomea pale pale kwenye dawati, kidole kikitembea kutoka kulia. Irabu hazipo, kwa hiyo alikuwa anajaribu neno, analirudia, anarekebisha. "Ali... bin... al-Hasan." Akageuza. Huko alihangaika. Wenzake watatu wanaosoma naye wakahamia dawati lake bila ruhusa, vichwa vinne juu ya kipande cha shaba, wanabishana kwa sauti ya chini. Mwisho wakatoa: "Yathiqu bi-mawla al-minan." Nikawaambia maana, ambayo mimi niliisoma kwenye ripoti: anamtegemea Mola mwenye neema.

Sikuwa nimepanga kusema chochote zaidi hapo. Msichana wa dawati la mbele, mwimbaji wa kwaya, akainua mkono. "Mwalimu, ni shairi. Al-Hasan, al-minan. Vina vimelingana."

Ni kweli, na wanaakiolojia wanalijua siku nyingi: upande mmoja jina, upande wa pili sifa, na pande mbili zinatoshelezana kwa kina. Sarafu za fedha zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu kule Pemba mwaka 1984, zaidi ya 2,000, nazo zina mtindo huo huo wa vina. Nilikuwa nimelisoma hilo mara tatu nikaliruka kama pambo. Miezi minne naigonga ile mistari miwili kwenye shaba, na sikuwahi kuitamka kwa sauti.

Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili alikuwa anapita dirishani, akasimama. Akaniuliza kama nimewaambia kuhusu Manani. Sikumwelewa. Akaingia, akashika chaki yangu, akaandika "minan" na chini yake "Manani", akawaambia ni mzizi mmoja, na kwamba washairi wetu mpaka leo wanamwita Mungu Manani. Wale wa kwaya na wale wa chuoni wote wanalijua neno hilo. Kipindi kilikuwa kimebaki dakika 15, na nilijua jahazi halitatweka tanga siku hiyo.

Tukatunga sarafu. Sharti: upande wa kwanza wewe ni nani, upande wa pili unategemea nini, na kina kimoja. Nimeruhusiwa na wenyewe kunakili mbili:

Binti wa muuza chapati
Mungu ndiye wake bahati

na

Mwana wa fundi cherehani
Tegemeo lake Manani

Mwana wa fundi cherehani ndiye yule kijana. Ameandika mistari miwili mizima, ambayo ni mistari miwili zaidi ya mtihani wote uliopita. Mwingine alitunga mstari juu ya timu yake ya mpira ambao siwezi kuuweka hapa.

Sasa wanataka zigongwe. Hapo ndipo nilipo. Muhuri wa bolti kwa kila mtoto hauwezekani. Sonara ananidai na jicho lake si la kijana. Nimejaribu jioni hii bati la kopo la soda lililokunjwa mara mbili, juu ya sabuni ya mche, likisuguliwa kwa mpini wa kijiko. Herufi za kilatini zinatokeza vizuri kama hazizidi 14. Kingo zinakata, lazima zikunjwe ndani. "Tegemeo lake Manani" ina herufi 17, haiingii kwenye duara hata nikiizungusha, na mwenyewe amekataa kupunguza hata moja. Anasema akitoa "lake" mizani itavunjika. Kesho napitia kwa sonara kuuliza ana bolti nene kiasi gani.