Kuumwa kwa kukaa kitako

Ami yangu ana miaka sitini na kitu na bado anapanda mikarafuu. Siku nilipomwambia shingo inaniuma hata nikiitwa siwezi kugeuka, alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Mwanangu, kutwa umekaa kitako chini ya feni, unaumwa na nini?"

Ningekuwa na jawabu siku ile ningempa. Mimi ni karani wa hesabu hapa Chake Chake, mwaka wa 9 huu. Maumivu yalinianza Juni ya mwaka juzi, tulipokuwa tunafunga hesabu za mwaka: shingo kwanza, kisha bega la mkono wa mausi ya kompyuta, kisha kiuno. Kila niliyemlalamikia alikuwa na neno moja tu, pumzika. Nikapumzika. Siku 4 nzima nimelala kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, maana jirani kaniapia kuwa sakafu ndiyo dawa ya mgongo. Ya tano mume wangu alinishika mikono miwili akaninyanyua kama anang'oa muhogo.

Hapo ndipo likaja shauri la mafuta ya karafuu. Wifi yangu alileta kichupa, akasema jipake ulale. Hakusema nichanganye na mafuta ya nazi, na mimi, mtoto wa Pemba niliyekulia chini ya mikarafuu, niliona aibu kuuliza. Nikamimina kiganjani, nikajisugua shingo yote hadi mabegani, nikajifunga kanga juu yake ili joto lisitoke. Dakika ya kwanza raha. Ya pili nikajisemea, naam, dawa inafanya kazi. Ya tatu nilikuwa chooni na kata mkononi najimwagia maji, na kila nikijimwagia naona moto ndio kwanza unateremka mgongoni. Mafuta yale madaktari wa meno huyatumia kutuliza jino. Kwenye ngozi, yakiwa matupu, yanaunguza. Nilibabuka mfano wa samaki wa kuchoma. Kesho yake kwenye daladala abiria wa nyuma yangu akauliza kwa sauti, "Jamani, nani kabeba pilau?" Shingo haigeuki, nikaendelea kutazama mbele.

Kilichonizindua ni sala. Nilianza kuona kwamba kila nikishasali adhuhuri, zile rukuu na sijda, mgongo unalegea, ikifika saa tisa umekaza tena. Basi nikenda hospitali, kwa kijana wa mazoezi ya viungo. Yeye ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza, "Dada, hapo kazini unakaa vipi?" Akauliza pia kama vidole vinakufa ganzi au mkono unakosa nguvu. Alhamdulillahi, hapana. (Wewe ukiwa nayo hayo, usikae nyumbani na kichupa.) Akaniambia kichwa cha mtu kina kama kilo 5. Nikapiga hesabu: pishi mbili za mchele, nami nimeziinamisha mbele kutwa nzima kuitazama kompyuta iliyo chini ya kidevu changu! Ule ulalaji wa siku 4 nao ulizidi kunikaza. Akanipa zoezi la kurudisha kidevu nyuma, kama mtu aliyesogezewa papa mkavu puani, uhesabu 5, ufanye mara 10. Nilidhani ananifanyia mzaha.

Sasa, kompyuta ipande, ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho. Itapandaje? Bosi alishakataa habari ya viti na meza mpya. Usiku mmoja nasoma Yasini, nikayatazama yale marfaa yaliyobeba msahafu, nikacheka peke yangu. Asubuhi nikamwendea seremala, nikamwambia nataka marfaa, lakini marefu mara mbili. Akaniuliza msahafu wangu una ukubwa gani. Nikamtolea kompyuta. Ya kwanza yaliteleza, kompyuta ikaniangukia mapajani mbele ya mteja; akaongeza kijiti cha kuizuia. Kibodi ya kuchomeka nilimwagizia mtu wa boti aninunulie Unguja, maana kioo kikishapanda huwezi kuchapa huku mikono iko hewani. Yote pamoja sidhani kama ilifika elfu sitini. Au ilipita kidogo.

Na ujanja wangu ninaojivunia zaidi: maji nanywa kwa kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho mkono, na jagi liko mwisho wa chumba. Kila nusu saa kiu inaninyanyua. Wenzangu walidhani nina sukari.

Baada ya wiki 6 hivi nikaanza kugeuka. Juni bado hunibana, siongopi, lakini sijalala sakafuni tena. Juzi nimepeleka oda ya marfaa ya nne, haya ya bosi mwenyewe. Seremala akaweka randa chini, akaniuliza, "Hivi dada, hapo ofisini kwenu mmefungua chuo cha Kurani?"