Nani Atakuwa Amekufa?

Ngiri ya Baba ilianza kama kivimbe kidogo kinenani, ambacho kwa miaka mingi alikuwa akikisukuma kwa vidole kikarudi ndani, kisha akaendelea kuvuta nyavu. Wavuvi wengi wanayo na hawaisemi. Lakini kusi ya mwaka 2018 ilipoanza kuvuma kile kivimbe kilikuwa kimekua, na Baba akawa anapanda kutoka ufukweni akiwa ameshika nguo yake kwa mkono mmoja, jambo ambalo wanawake wa Mayungu waliliona kabla yetu sisi wanawe.

Sisi ni Wapemba. Baba aliletwa na wazazi wake kwa jahazi baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, akiwa mtoto wa kushikwa mkono, wakati Kenya ilikuwa na uhuru wa mwezi mmoja tu. Hakuwahi kupewa kitambulisho. Mimi niliyezaliwa papo hapo Mayungu, kusini mwa mji wa Malindi, sikuwa nacho pia, kwa sababu mzazi asiye na kipande hana namba ya kumwombea mwanawe cheti cha kuzaliwa, na mtoto asiye na cheti hukua akawa mtu mzima wa namna ile ile. Hata laini yangu ya simu iliandikishwa kwa jina la jirani.

Zahanati haikutusumbua. Tangu Juni 2013, serikali ilipofuta ada katika zahanati na vituo vya afya, mgonjwa alitaja jina na kijiji chake, akaandikwa daftarini, akatibiwa. Tabibu aliyempima Baba alituambia bila kuficha kwamba ngiri haina dawa ya kumeza, na kwamba madhali inarudi ndani ikisukumwa, upasuaji wake ni wa kupangwa, mfupi na usio na hatari kubwa. Ila siku itakapokataa kurudi, utumbo utakuwa umenaswa na kukosa damu, na hapo mambo yatahesabiwa kwa saa. Akatuandikia barua ya rufaa kwenda hospitali ya serikali.

Huko, karani wa dirishani aliomba vitu viwili: kitambulisho na kadi ya NHIF, bima ya afya ya serikali. Wakati ule mtu asiyeajiriwa alijiunga na bima hiyo kwa shilingi 500 kwa mwezi, fedha ambazo Baba angezipata hata wakati wa kusi, bahari inapochafuka na vyombo vikakaa juu ya mchanga. Hatukushindwa na shilingi 500. Tulishindwa na ile fomu, ambayo nafasi yake ya kwanza kabisa ilitaka namba ya kitambulisho. Bila bima tulitakiwa kuweka fedha taslimu kabla ya kupewa tarehe, na kiasi chenyewe kilizidi thamani ya nyavu zetu zote. Tukarudi nyumbani na barua yetu.

Mwenye dau ambalo Baba alikuwa akivulia, rafiki yake wa Kigiriama wa tangu ujanani, alikuja jioni na kadi yake ya bima mfukoni. Walikuwa wa rika moja, wembamba wote wawili, ndevu nyeupe wote wawili, na picha ya kadi ilikuwa imefifia. Wapo waliotibiwa kwa njia hiyo, na mimi siwalaumu. Anayewalaumu hajawahi kusimama mbele ya lile dirisha. Baba aliigeuza kadi, akaitazama mbele na nyuma, kisha akamrudishia.

"Ndugu yangu, nikifia pale mezani, nani atakuwa amekufa?"

Yule mzee alicheka, halafu akanyamaza. Baba hakuwa anafanya mzaha. Alieleza kwamba cheti cha kifo kingeandikwa jina la mwenziwe, watoto wa mwenziwe wangekuwa mayatima kwa mujibu wa serikali, na yeye Baba angezikwa akiwa bado mzima mahali fulani ndani ya kompyuta. Tena, hata akipona, faili lingebaki na kundi la damu na kovu la mtu mwingine, na siku mwenye kadi atakapolazwa kikweli daktari angesoma habari zisizo zake. Mimi niliona ni ukaidi, na nilimwambia hivyo kwa adabu. Hakunijibu.

Utumbo ulinaswa usiku mmoja kabla ya alfajiri. Kivimbe kilikuwa kigumu, Baba akitapika na kutoa jasho, na tuktuk iliyotupeleka Malindi ilimrusha kwa kila shimo la barabara. Safari hii hakuna aliyeuliza kadi. Daktari wa zamu, kijana, alimwambia karani aliyekuja na fomu kwamba Katiba, katika kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na kwamba imeandikwa mtu, haikuandikwa raia. Nilimshukuru Mungu kwa kijana yule, ingawa nilijiuliza ni hekima gani inayomfungia mtu mlango wakati ugonjwa wake ni mwepesi na kumfungulia unapokaribia kumuua. Baadaye alinieleza kwamba kipande cha utumbo kilikuwa kimegeuka rangi; walikifunika kwa vitambaa vya maji ya uvuguvugu wakangoja, rangi ikarudi, kwa hiyo hawakukikata.

Baba aliruhusiwa kutoka lakini hakutoka. Bili ilikuwa haijalipwa, na asiyelipa hubaki wodini, akiongezewa gharama ya kitanda. Muuguzi mmoja ndiye aliyetuonyesha ofisi ya ustawi wa jamii, ambayo ina uwezo wa kuomba mgonjwa asiyejiweza apunguziwe. Afisa wake alitaka barua ya chifu, na chifu akataka namba ya mtu wa kumdhamini. Mwenye dau alikwenda mwenyewe, na kitambulisho chake mwenyewe, akaandikwa kuwa anamfahamu mgonjwa huyu, kwa jina lake halisi. Bili ilipunguzwa, nusu ya iliyobaki ikatoka kwenye mchango wa wavuvi, na nyingine tukaruhusiwa kuilipa kidogo kidogo. Tuliimaliza kaskazi ilipoingia.

Baba aliihifadhi karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, kwa kuwa ilikuwa karatasi ya serikali na ilikuwa na jina lake. Mwaka 2023, Wapemba tulipotambuliwa rasmi kuwa raia na maafisa wakaanza kutuandikisha, aliipeleka mezani pamoja na ile barua ya chifu. Afisa aliisoma karatasi hiyo yote, hadi jina la dawa ya maumivu, akamrudishia na kumwambia kwamba haihitajiki.