Mwaka wangu wa kwanza kama mweka hazina wa mtandao wa intaneti wa jamii

Niliingia katika bodi kwa sababu ndogo kuliko nilivyopenda kukiri wakati ule: mkutano mkuu ulikuwa unakaribia kufungwa, nafasi moja haikuwa imepata mgombea, nami nilikuwa nimetoka kuuliza swali kuhusu mapato na matumizi. Katika chama cha watu wanaojitolea, anayeuliza swali la hesabu hukabidhiwa hesabu. Nikatoka pale nikiwa mweka hazina wa shirika lisilolenga faida, ambalo wanachama wake hulipa ada ya kila mwezi, nalo hununua intaneti kwa jumla kutoka kampuni kubwa na kuisambaza kwa antena zilizofungwa juu ya milingoti kumi na mmoja.

Mashirika ya aina hii si mapya. FDN (French Data Network) ya Ufaransa ilianza mwaka 1992, na guifi.net ya Catalonia ilianza mwaka 2004. Nilisoma habari zao usiku wa kwanza nikitafuta ujasiri, nikakuta mengi kuhusu antena na machache sana kuhusu jambo lililokuwa likinisubiri mezani, yaani ankara.

Ankara ya kwanza ilinishinda kabisa. Ilikuwa na kiasi kimoja cha megabiti kwa sekunde kilichozidishwa kwa bei, na chini yake maneno "asilimia ya 95". Kiasi hicho kilikuwa kimepanda sana kuliko mwezi uliotangulia, ilhali idadi ya wanachama ilikuwa ileile. Nilipolitaja kwenye kikao, wajumbe wawili walinijibu kwamba ndivyo huwa, na mwenyekiti akataka tuendelee na ajenda inayofuata. Baada ya kikao fundi wetu alinivuta pembeni, akageuza karatasi ya mahudhurio upande wa nyuma, akaanza kuchora visanduku.

"Ndugu mweka hazina," alisema, "hawa hawahesabu tumevuta data kiasi gani. Wanapima kasi yetu kila baada ya dakika tano."

Mwezi wa siku 30 una vipimo 8,640. Vyote hupangwa kuanzia kikubwa hadi kidogo, asilimia tano ya juu, yaani vipimo 432, hutupwa, na kipimo kinachofuata ndicho tunacholipia kana kwamba tulitumia kasi hiyo mwezi mzima. Vipimo 432 vya dakika tano tano ni saa 36. Niligawanya kwa siku 30, nikapata dakika 72. Ilinichukua muda kuelewa maana yake: msongamano mkubwa unaodumu chini ya dakika 72 kwa siku hautugharimu kitu, lakini ukizidi hapo kila siku, bili yote inapanda pamoja nao.

Kutoka hapo tulijua la kutafuta. Fundi alifungua grafu za mwezi, na palikuwa na kilima kilichoanza saa moja usiku na kushuka saa tatu, kila siku, Jumapili zikiwemo. Kilitoka kwa taasisi moja mwanachama iliyokuwa imeanza kuvuta nakala za mafaili yake yote kutoka seva ya mbali, saa zilezile ambazo watu wote wamerudi nyumbani na kuwasha simu na televisheni zao. Nilikwenda kuwaona mwenyewe badala ya kuandika barua, kwa kuwa barua ya mweka hazina husomeka kama tuhuma. Msimamizi wao wa kompyuta hakujua kwamba saa ina bei. Alibadilisha ratiba iwe saa tisa usiku, kazi ya dakika mbili, na ankara iliyofuata ikarudi karibu na kiwango cha zamani. Ile karatasi ya visanduku bado ninayo, yenye majina ya mahudhurio upande wa mbele, na katibu hajaacha kunidai.

Jambo la pili halikuwa jepesi namna hiyo, kwa sababu lilimhusu mtu. Mmoja wa waasisi wetu, mzee ambaye bila yeye mtandao usingekuwapo, ndiye aliyekuwa na nywila zote: za rauta, za seva, na za akaunti ya jina letu la kikoa, yaani jina tunalopatikana kwalo mtandaoni, ambalo lilikuwa limesajiliwa kwa jina lake binafsi. Tuligundua haya pale jina hilo lilipokaribia kuisha muda na taarifa za kulihuisha zikawa zinakwenda kwenye barua pepe ambayo mzee aliacha kuitumia zamani. Tulinusurika kwa siku nne. Vikao viwili vilivyofuata vilikuwa vya moto. Kuna waliosema mzee ameuteka mtandao, na kuna waliosema kumwomba nywila ni kumvunjia heshima. Mimi niliona pande zote mbili zilikuwa zimeacha swali lenyewe, ambalo ni kwamba akiugua leo, nani atafungua rauta kesho?

Katibu nami tulikwenda kwake asubuhi bila barua ya bodi. Nilimweleza kwamba hatukuja kumnyang'anya kitu, ila tunaomba atufundishe. Mzee alinyamaza, kisha akaingia ndani akatoka na daftari la shule lenye jalada lililofungwa kwa utepe. Ndani kulikuwa na kila mlingoti, anwani zake za IP (namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni), pembe ya antena, na tarehe za matengenezo, vyote kwa penseli, na pale alipobadilisha kitu alifuta na kuandika upya mpaka karatasi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. "Nilikuwa nangoja mtu aulize," alisema. Tulikaa naye Jumamosi tatu. Jina la kikoa likahamishiwa kwa shirika, nywila zikabadilishwa zote, na nakala zake ziko katika bahasha mbili zilizofungwa, moja kwa mwenyekiti na nyingine kwa katibu. Mwenye bahasha haruhusiwi kuifungua bila kuingiza jambo hilo katika muhtasari wa kikao kinachofuata.

Mgongano wa maslahi ulitusumbua mara moja tu, pale ndugu wa mjumbe alipoleta zabuni ya antena. Mjumbe alitangaza, akatoka nje, tukapiga kura.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa kwenye barua. Tuliandikiwa tueleze nani alitumia anwani yetu fulani ya IP usiku fulani, nami, kwa woga wa mihuri, nilikuwa tayari kujibu siku hiyohiyo. Katibu alikataa kata kata. Anwani za IPv4, toleo la zamani la IP ambalo bado linatumika sana, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na hazina ya kimataifa iliishiwa na mafungu ya kugawa mwezi Februari 2011, hivyo mtandao mchanga kama wetu huweka wanachama wengi nyuma ya anwani moja. Bila wakati kamili na namba ya poti, yaani namba inayotofautisha miunganisho iliyo nyuma ya anwani moja, jina lolote ambalo ningelitaja lingekuwa la kubahatisha, na lingekuwa la jirani yangu. Tulimshirikisha mwanasheria, tukaomba maelezo yaliyokosekana, na bodi ikapitisha kwa maandishi kwamba kumbukumbu za matumizi zitatunzwa kwa muda ambao sheria inadai, kisha zifutwe. Tangu hapo, barua yoyote ya namna hiyo haipiti mikononi mwangu peke yangu.

Katikati ya mwaka akaunti yetu ya benki ilikuwa na fedha nyingi kuliko wakati wowote, na likaja pendekezo la kushusha ada. Lilipendwa. Nami nilitamani kulipenda, lakini sikuwa na hakika kwamba fedha zile zilikuwa ziada. Nilimwomba fundi twende mlingoti kwa mlingoti. Yeye alipanda, mimi nilibaki chini na orodha, na alinitumia picha za lebo za vifaa, nyingine zimeliwa na jua hata tarehe haisomeki, tukalazimika kulinganisha na daftari la mzee. Redio sita, yaani vifaa vinavyorusha intaneti kupitia antena, zilikuwa zimepita miaka mitano. Katika milingoti miwili betri za asidi na madini ya risasi zilikuwa zimeachwa zikiishiwa chaji kabisa mara nyingi, hali inayoziua mapema, na moja ilikuwa imevimba ubavu. Fedha zilizokuwa benki zilikuwa, kwa sehemu kubwa, vifaa hivyo ambavyo hatukuwa tumevinunua.

Niliandika ukurasa mmoja kwa mkutano mkuu: kila kifaa, umri wake, miaka iliyobaki, na sehemu ya ada inayopaswa kuwekwa kando kila mwezi katika mfuko ambao bodi haiwezi kuugusa kwa matumizi mengine. Nilipendekeza robo ya ada. Mjadala ulichukua muda mrefu kuliko uchaguzi, na mwanachama mmoja aliuliza, kwa haki kabisa, kwa nini alipie leo redio itakayomhudumia mtu atakayejiunga kesho. Nilimjibu kwamba redio anayotumia leo ililipiwa na waliomtangulia. Hakuridhika, na katika yatokanayo ya mwaka ujao swali lake limo. Mkutano ulipitisha sehemu moja ya tano badala ya robo. Kwa kiwango hicho milingoti minne mikongwe itabadilishiwa vifaa kwanza, na mlingoti wa saba, wenye ile betri iliyovimba, umepata betri mpya lakini redio yake itangoja.